Kuku Watatu wa Chumba cha Tisa

Kabla ya kuvaa kiatu cha pili, Mlingoti alihesabu tena vitu vinavyoweza kuua mtoto. Kibiriti alikuwa nacho kwenye sidiria. Kisu kilikuwa juu ya kabati, nyuma ya sanduku la nguo. Jiko la mkaa alikwisha kulitoa nje. Ndoo kubwa aliifunika na kuipandisha mezani, akaacha chini jagi moja tu la maji ya kunywa, maana alishasikia kuwa mtoto wa miaka miwili anaweza kuzama kwenye maji yasiyofika magotini. Mafuta ya taa yalikwisha tangu Jumapili, na kwa mara ya kwanza maishani alishukuru kuishiwa na kitu.

"Haya, rudia," alimwambia binti yake mkubwa.

Binti huyo alikuwa na miaka saba, lakini watu wa safu nzima ya vyumba walimwita Shangazi kwa alivyopenda kuamrisha watu, wakubwa kwa wadogo. Kwa hiyo mama yake akawa Mama Shangazi, jina lililowachekesha wageni. Lile la Mlingoti alipewa kazini kwa urefu wake, na hakuwahi kulalamika, kwani liliwaondolea watu haja ya kumtafutia jingine.

"Mtu akigonga tunaingia chini ya kitanda," alisema Shangazi, mikono nyuma kama yuko mbele ya mwalimu. "Kifungo ukutani, Kadogo katikati, mimi mwisho. Namziba Kadogo mdomo. Hatukohoi, hatucheki."

"Akiita?"

"Hatujibu."

"Akisema katumwa na mama?"

"Mwongo huyo."

"Na mkisikia sauti yangu?"

"Ukiwa peke yako unakwaruza mlango mara tatu, tunatoka. Kukiwa na sauti ya mtu mwingine, hatutoki. Hata ukituita. Hata ukilia."

Aliyasema ya mwisho bila kupepesa macho. Mama yake alitazama pembeni, akajifanya anatafuta kamba ya kiatu.

Mlingoti hakuyatunga masharti hayo kwa kupenda. Mwaka uliopita, mama mmoja wa safu ya kwanza aliacha wanawe wawili ndani akaenda kazini, na mtu akapeleka habari. Bibi wa Ustawi wa Jamii, mwanamke mnene wa kiasi mwenye sauti laini na daftari la bluu, alimfuata mama yule kazini, akaja naye hadi mlangoni, akamwambia waite mwenyewe, wasiogope. Akawaita. Watoto wakatoka mbio wanacheka, wakapandishwa kwenye gari jeupe, na tangu siku hiyo mama yule huwaona mara moja kwa mwezi, kwenye benchi, kwa muda wa saa moja. Tangu hapo Mlingoti alikuwa akiogopa magari meupe hata yakiwa ya kubeba mikate.

Siku za kawaida Kadogo, mdogo wao wa miaka miwili, na kaka yake Kifungo walibaki kwa jirani wa chumba cha saba, na Shangazi alikuwa shuleni. Lakini shule zilifungwa, na jirani naye alikwenda kumtazama bintiye aliyejifungua. Baba yao alikuwa machimboni, kazi ya kurudi nyumbani mara mbili kwa mwaka, tena akiwa amechoka kama mgonjwa. Ilibaki wiki moja na nusu shule zifunguliwe na jirani arudi. Mlingoti alijiambia kila asubuhi kwamba wiki moja na nusu si miaka.

"Atakayekaa kimya kuliko wenzake leo anapata kijiko cha sukari," alisema.

"Jana pia tulishinda wote," alisema Kifungo, mwenye miaka mitano, aliyepewa jina hilo siku aliyomeza kifungo cha koti la baba yake, nyumba nzima ikakisubiri siku mbili. "Mtu mmoja lazima ashindwe, mama, ndiyo mchezo."

Aliwabusu vichwani. Alifunga dirisha la mbao na kupinda msumari juu yake ili wasionekane kutoka nje. Akatoka, akafunga kufuli, akalivuta mara tatu. Parafujo za komeo zilitikisika. Mbao za mlango zilikuwa zimeoza, na kila baada ya miezi michache aliziondoa parafujo, akajaza matundu kwa njiti za kibiriti na kuzirudisha. Aliwaza kuwa Alhamisi angezishindilia upya. Alhamisi alikuwa ameomba ruhusa kazini, kwa sababu tangazo la ofisi ya nyumba lilisema siku hiyo kutakuwa na ukaguzi wa wapangaji, na chumba kitakachokutwa bila mtu kitahesabiwa kuwa kimeachwa. Leo ilikuwa Jumanne.

*

Kazi yake ilikuwa kukunja mashuka katika kiwanda kilichofulia mahoteli. Shuka la kitanda kikubwa halikunjwi na mtu mmoja. Wawili wanashika pembe, wanarudi nyuma, wanalikung'uta, wanakutana katikati, mmoja anapokea na mwingine anachukua upindo wa chini. Ukienda chooni, mwenzako anasimama mikono mitupu na shuka linasubiri. Mwenzake wa miaka minne alikuwa mwanamke mfupi aliyeitwa Kigoda, na upande wa Kigoda shuka lilikuwa likiburuzika kila mara.

"Inama kidogo, mwenzangu, usinionyeshe ulivyobarikiwa," Kigoda alimwambia, kama alivyomwambia kila siku.

Mlingoti hakucheka. Alikuwa chumbani kwake kimawazo, anapita kila kona. Je, Kadogo anaweza kupanda kiti, kisha meza, akafika kwenye ndoo? Kiti alikiweka wapi?

Saa sita mchana mpiga pasi wa zamu ya pili aliingia akifuta jasho. Aliishi safu ya tatu ya vyumba vile vile, mzee mpole apendaye kutoa habari kabla ya kuulizwa.

"Mama Shangazi, pole," alisema. "Wale wa ofisi ya nyumba wamekuja leo."

"Si Alhamisi?"

"Wamebadilisha. Asubuhi saa mbili wamebandika karatasi pale bombani, saa nne wameanza. Kwako wamegonga wee, kimya. Wameandika hakuna mtu, wakapitisha mnyororo na kufuli lao, wakaweka karatasi yenye muhuri." Akatikisa kichwa. "Bahati nzuri watoto uliwapeleka kwa ndugu, kama ulivyosema. Maana safari hii wako na yule wa Ustawi."

Shuka lilimtoka mikononi. Kigoda alilidaka upande wake na kumtazama usoni, akaelewa, kwa kuwa alikuwa na watoto pia.

Msimamizi alikaa nyuma ya kioo, mbele ya ubao uliotundikwa vibati vya namba za wafanyakazi. Mlingoti alimwambia tumbo linamkata, anaomba kwenda nyumbani.

"Choo kiko pale," alisema msimamizi bila kuinua uso.

"Linakata sana, bosi."

"Basi kaa sana."

Alikwenda chooni. Kigoda alimfuata, amembebea mfuko wake Mlingoti wenye kopo la chakula na kijiko. "Pita mlango wa nyuma," alimnong'oneza. "Nitafunga pembe mbili kwenye msumari, nikunje peke yangu. Akiuliza, uko ndani. Kwani atakuja kuchungulia?"

*

Alikimbia. Mwanamke wa urefu ule akikimbia, watu husimama kutazama, na hilo lilimwongezea hofu, kwa hiyo kwenye kona ya mwisho alitembea. Jua lilikuwa utosini. Mabati ya safu ya pili, safu yake, yalimeta, na alijua joto la chumba kile dirisha likiwa limefungwa: mishumaa iliwahi kulainika ikainama yenyewe. Jagi moja. Alikuwa ameacha jagi moja la maji.

Mlango wa chumba cha tisa ulikuwa na mnyororo mpya uliopitishwa kwenye komeo lake, juu ya kufuli lake mwenyewe. Karatasi ilibandikwa kuanzia ubao wa mlango hadi fremu, na muhuri mwekundu katikati. Mbele yake, juu ya debe lililopinduliwa, aliketi mlinzi wa ofisi akitafuna njiti.

"Chumba hiki chako?" aliuliza mlinzi. "Pole, dada. Umechelewa. Karani yuko safu ya nyuma."

Mlingoti aliusogelea mlango na kuukwaruza kwa ukucha, mara tatu, kana kwamba anaipima karatasi. Akatega sikio.

"Usiiguse hiyo," alisema mlinzi. "Ikichanika naulizwa mimi."

Ndani hakukuwa na sauti yoyote. Hakuna mguno, hakuna kikohozi, hakuna ubao wa kitanda. Bila shaka wamesikia sauti ya mlinzi, alijiambia, wanafanya walivyofundishwa. Lakini mtoto asiyepumua naye angenyamaza vilevile, na hapakuwa na namna ya kutofautisha akiwa upande huu wa mlango. Alitamani apige kelele, na alijua kwamba kelele hizo wangezisikia na wasizijibu.

Alimkuta karani kwenye safu ya nyuma, kijana nadhifu mwenye kalamu mbili mfukoni, anaandika akiwa amesimama. Hatua chache nyuma yake, kivulini, alisimama Bibi wa Ustawi, daftari la bluu kifuani, anazungumza na mama mjamzito kwa upole.

"Chumba cha tisa," alisema Mlingoti. "Nimefika. Mimi ndiye mpangaji."

Karani alifunua kurasa. "Cha tisa hakina mtu."

"Mtu ni mimi."

"Wakati wa ukaguzi hukuwepo."

"Tangazo lilisema Alhamisi. Nimeomba ruhusa kazini ya Alhamisi."

"Tangazo lilisahihishwa."

"Lini?"

"Leo." Alisema hivyo bila kuona haya, kama mtu anayetaja tarehe. "Njoo ofisini Jumatatu, ujaze fomu ya kueleza kwa nini hukuwepo. Ikikubaliwa, kufuli litatolewa."

"Jumatatu ni mbali. Nina vitu ndani."

"Vitu haviozi."

Mlingoti alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale, jepesi kuliko yote: watoto. Angelitamka, mlango ungefunguliwa dakika hiyohiyo, na gari jeupe lilikuwa limeegeshwa chini ya nguzo ya umeme, aliliona. Bibi wa Ustawi aligeuza kichwa kidogo, kama mtu aliyesikia jina lake.

"Kuna kuku," alisema Mlingoti. "Watatu. Sijawaachia maji ya kutosha."

Karani aliinua uso kwa mara ya kwanza. "Kufuga ndani ni kosa, unajua?"

"Najua. Niandikie kosa. Nifungulie niwatoe."

"Sina ufunguo mimi, ufunguo uko ofisini. Kosa nitakuandikia." Akaandika. "Kuku watatu. Wakifa, mama, watakuwa wamekupunguzia kesi."

Mama mjamzito alicheka. Bibi wa Ustawi hakucheka.

*

"Wamekubali?" aliuliza mlinzi.

"Wamekubali nitoe kuku."

Mlinzi alitoa njiti mdomoni. "Kuku gani hao? Nimekaa hapa tangu saa nne, sijasikia hata mmoja." Alimtazama Mlingoti, kisha mlango, kisha Mlingoti tena, na uso wake ukabadilika taratibu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye kazi, na kazi yenyewe aliipata kwa shida. "Dada," alisema kwa sauti ya chini, "mimi nakwenda kumuuliza karani kama ni kweli. Lazima niulize. Nitakwenda polepole."

Alipopinda kona, Mlingoti alitoa kijiko kwenye mfuko wake wa chakula. Kishikio kiliingia kwenye mfuo wa parafujo ya kwanza, kikazunguka. Parafujo ilitoka na unga wa mbao na njiti zake za kibiriti, ya pili ikatoka kwa vidole. Ya tatu ilikaza. Aliegemea kijiko kwa uzito wake wote, kikapinda, akakigeuza na kuegemea tena. Komeo liling'oka pamoja na mnyororo wa ofisi, kufuli la ofisi na kufuli lake mwenyewe, vyote vikaning'inia upande mmoja. Karatasi ilichanika katikati ya muhuri kwa sauti ndogo sana.

Joto lilimpiga usoni, pamoja na harufu ya mkojo. Alijitupa sakafuni akachungulia chini ya kitanda.

Walikuwa pale kwa utaratibu ule ule: Kifungo ukutani, Kadogo katikati, Shangazi mwisho. Macho ya wawili yalikuwa wazi. Nguo zao zilikuwa zimeloa jasho kama zilizotoka bombani. Kiganja cha Shangazi kilikuwa juu ya mdomo wa Kadogo, na Kadogo alikuwa amefumba macho.

"Toa mkono," alisema Mlingoti. "Toa mkono, mwanangu."

Shangazi hakuutoa. Vidole vilikuwa vimekakamaa, akavibandua kimoja kimoja. Alimvuta Kadogo nje, akamtikisa, kichwa cha mtoto kikaenda huku na huku. Alimmwagia usoni maji ya ndoo, yote aliyoweza kuteka kwa mkupuo mmoja. Ndipo Kadogo alipovuta pumzi ndefu, akafumbua macho, akakunja uso kama anayetaka kulia. Hakulia. Alimtazama dada yake kwanza. Kwenye shavu lake kulikuwa na alama nne nyekundu za vidole.

Mlingoti alimkumbatia mtoto kwa nguvu. Alikuwa bado hajamwachia aliposikia viatu.

Walisimama mlangoni watatu: karani, mlinzi nyuma yake anatazama chini, na Bibi wa Ustawi. Watoto wawili walikuwa wametoka, wamesimama ukutani, bega kwa bega.

"Ndio kuku wenyewe," alisema karani.

Hapo hofu ya Mlingoti ilifika mwisho wake, na mwishoni mwake akakuta hasira imemsubiri. Alisimama na Kadogo kiunoni, kichwa chake kikakaribia bati.

"Andika," alimwambia karani. "Chumba cha tisa, watu wanne. Uligonga saa nne, walikuwemo wanne kasoro mmoja. Mmefungia watoto watatu kwenye joto hili, mkaweka na mlinzi. Andika hilo kwenye fomu yako."

"Hatukujua. Tuligonga, hawakujibu."

"Mtoto wa miaka saba ndiye anayesaini ukaguzi?"

Karani alitazama fomu yake kama inayoweza kumsaidia. "Umevunja muhuri," alisema. "Hilo ni jambo jingine, zito."

Bibi wa Ustawi alimgusa karani begani, akaingia. Alichuchumaa kwa shida mbele ya Shangazi, magoti yakalia, akatabasamu. Mtu asiyemjua angempenda.

"Hujambo, mama? Unaitwa nani?"

Shangazi alimtazama.

"Mmekula leo? Nani huwa anakaa nanyi?"

Kimya.

"Na wewe, kaka mkubwa? Unapenda mpira?"

Kifungo alipenda mpira kuliko chakula. Alikaza midomo mpaka ikawa mstari.

"Jibuni," alisema Mlingoti. "Jibuni, wanangu, ruhusa. Mwambie jina lako, Shangazi."

Shangazi aligeuka akamtazama mama yake kwa macho makavu ya mtu anayejua sheria. Kulikuwa na sauti ya mtu mwingine. Hata ukituita. Hata ukilia. Mlingoti alikuwa ameanza kulia.

Bibi wa Ustawi alishika kidevu cha Kadogo taratibu, akaugeuza uso kwenye mwanga wa mlango, akaziangalia zile alama nne kwa muda. Akafungua daftari la bluu. Mlingoti, kwa urefu wake, aliweza kusoma kutoka juu: *Watoto hawazungumzi. Wana hofu na mama. Alama za kupigwa usoni, mdogo.*

"Siyo kupigwa," alisema. "Si mimi. Ni mchezo tu, nimewafundisha..." Akaishia hapo, kwa kuwa kila neno lililobaki lilikuwa baya kuliko lililotangulia.

"Nakuelewa, mama," alisema Bibi wa Ustawi. "Uje nao ofisini kwangu Alhamisi saa tatu. Karani kaniambia Alhamisi una ruhusa ya kazini." Alifunga daftari. "Na uje na nguo zao za kubadilisha, kila mmoja jozi mbili."

Waliondoka. Mlinzi alibaki nyuma kidogo, akaokota parafujo tatu sakafuni, akaziweka juu ya kizingiti, akawafuata.

Watoto walisubiri. Viatu vilipinda kona, gari liliwaka, likaondoka. Shangazi alihesabu pumzi kumi kwa vidole, kama alivyofundishwa, kisha akalegeza mabega.

"Wamekwenda," alisema. "Mama, nani kashinda?"

"Mimi," alisema Kifungo. "Kaniuliza mpira, nikanyamaza. Umeona, mama? Mpira kabisa."

"Mmeshinda wote," alisema Mlingoti.

Aliteremsha kopo la sukari kutoka kabatini. Kijiko kilikuwa kimepinda, sukari ikawa inamwagika upande mmoja, na Kadogo akaifuata sakafuni kwa kidole kilicholowa mate. Shangazi alilamba ya kwake polepole, akiutazama mlango. Ulikuwa wazi nusu, komeo limening'inia na makufuli mawili yasiyofunga kitu. Kesho saa kumi na moja alfajiri mama alitakiwa kuwa njiani kwenda kazini, kama kazi ilikuwepo bado.

"Kesho tucheze tena?" aliuliza Shangazi. "Na mlango tutaufungaje?"

Mlingoti alikaa ukingoni mwa kitanda, kijiko mkononi. Walimsubiri. Akafungua mdomo, akaufunga.

Kifungo alimtazama usoni, akacheka, akamgusa dada yake kwa kiwiko.

"Mwone," alisema. "Mama naye anacheza."